Nyumba ya Bibi Ilipokwenda Chuoni

Kwetu Uru, nyumba ya bibi ilikuwa ya mwisho ya namna yake. Nyingine zote, kuanzia kanisani mpaka mtoni, zilikuwa za bati, nzuri kwa mbovu. Yake ilikuwa msonge: miti mirefu iliyokutanishwa juu na kufungwa, fito zikaizunguka, kisha nyasi kutoka kileleni mpaka chini, hata mgeni akipita njiani alidhani ni lundo la majani ya ng'ombe. Mlango ulikuwa mfupi. Mtu mzima aliinama kuingia, na bibi alisema hiyo ndiyo adabu yenyewe, kwamba hata mkuu wa wilaya akija ataingia ameinama.

Nililala humo tangu nilipoacha kunyonya. Kulia kilikuwa kitanda chetu, kushoto ng'ombe na mbuzi, katikati mafiga. Juu ya moto palikuwa na dari ya miti ambako ndizi ziliivia na kuni zilikauka. Moshi ulipanda ukapenya kwenye nyasi, nyasi zikawa nyeusi na wadudu wakaziogopa. Mwezi wa saba, ukungu unaposhuka kutoka msituni na kushinda kwenye migomba, nyumba ya baba yangu iliyokuwa ya bati ilipoa kama kisima, na wadogo zangu walikuja kwetu kuota moto na kuegemea ubavu wa ng'ombe.

Lakini upande wa mlimani ulikuwa umeanza kuvuja. Nyasi za kuezekea hazikupatikana tena. Zamani wanaume walishuka tambarare kuzikata na wanawake wakazipandisha kichwani. Sasa kule chini kote kumelimwa mahindi na miwa. Baba aliziba kwa majani makavu ya migomba, ambayo hayamalizi mwaka. Bibi alilijua hilo. Naliandika mapema ili mtu asidhani alirubuniwa.

Kaka yangu alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Alikwenda Dar es Salaam kusomea usanifu wa majengo. Mimi nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, nikabaki na bibi, ng'ombe na kahawa. Kaka alipokuja likizo ya Krismasi alikaa kwenye kigoda karibu na moto akatueleza habari za shule yao. Bibi alizungumza Kichagga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Kwa hiyo maneno yake ninayoyaandika hapa nimeyageuza mimi.

Kaka alisema wakati wa mkoloni Mwafrika aliweza kuwa fundi, au kunakili michoro ya Mzungu, lakini kutoa jengo kichwani mwake na kuliweka kwenye karatasi hakufundishwa. Baada ya Uhuru vijana wachache walipelekwa Nairobi na Ulaya. Halafu ikaonekana aibu kwamba nchi inayojitawala inachorewa hata vyoo vya shule na watu wa nje, ikaanzishwa shule ya hapa hapa. Walianza katika vyumba vichache walivyoazimwa. Walimu karibu wote walitoka ng'ambo, kila mmoja na vitabu vya kwao.

"Mwaka wa kwanza tulichora nyumba yenye paa kali la kumwaga theluji," kaka alisema.

Bibi akauliza theluji ni nini. Kaka akamwambia ni ile nyeupe iliyoko Kibo.

"Nani anajenga kule?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Basi mlimchorea nani?"

Kaka alicheka mpaka akapaliwa na moshi. Alisema hata mwalimu wao mpya aliuliza swali hilo hilo. Mwalimu huyo alikuwa Mtanzania, naye alikuja na shabaha zake: kwanza wanafunzi wajifunze kwa wazee wa nchi hii jinsi walivyojenga, kisha wamjengee mkulima, si mabenki na mahoteli tu. Alitaka nyumba za asili kutoka mikoani ziletwe na kusimamishwa kwenye uwanja wa chuo, wanafunzi waingie, wakae ndani, wazisome kama kitabu. Kufikia wakati huo hawakuwa na hata moja. Kaka alikuwa amemwambia kwamba bibi yake anaishi ndani ya moja.

Bibi alichochea moto.

"Nyumba yangu ikae chuoni," alisema, "na mimi nikae wapi?"

"Tutakujengea ya bati, bibi. Ya matofali, yenye sakafu. Kabla ya masika utakuwa umehamia. Sisi wenyewe wanafunzi ndio tutakaoijenga. Mwalimu ameahidi."

Kesho yake asubuhi, tukikamua, bibi alitazama juu ambako maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanadondoka. Akasema, kama anazungumza na ng'ombe, kwamba mwanamke mwenye wajukuu wakubwa hawezi kufa akidondokewa usoni. Ndivyo alivyokubali.

Walikuja kiangazi, mwezi wa kwanza unapoishia, kwa lori la chuo: mwalimu, kaka na wenzake. Mwalimu alikuwa mtu mnene mpole, mwenye viatu vya mjini vilivyoteleza kwenye njia zetu. Aliwaamkia wazee wote shikamoo mmoja mmoja, hata waliokuwa karibu na umri wake. Balozi wa nyumba kumi aliitisha mkutano uani kwetu, pombe ya mbege ikagawiwa, na mwalimu akasimama akaeleza. Alisema vizuri. Alisema shule isiyomjua mkulima ni duka la michoro. Alisema nyumba ya bibi ni chuo cha zamani kuliko chuo chake, na ile atakayojengewa bibi itakuwa ya mfano, watu wa Uru waje waione na waige, kwa sababu itakuwa ya udongo wa hapa na mawe ya hapa, ila sakafu na bati.

Wazee waliitikia kwa vichwa. Bibi aliomba kuuliza, na baba akawa anamgeuzia.

"Mama anauliza, shule yenu inafundisha kujenga au inafundisha kuchora?"

Watu walicheka. Mwalimu naye alicheka, akafuta jasho. "Mwambie mama ni kuchora kwanza, kujenga baadaye. Ila hapa kwake tunaanza kujenga."

Mchoro wao ulikuwa mzuri. Kaka aliutandaza kwenye meza ya mama, akaukandamiza kwa vikombe. Vyumba vitatu, baraza mbele, na banda la ng'ombe peke yake upande wa nyuma. Kwenye karatasi nyumba mpya ilisimama upande wa chini, ya zamani ikabaki palepale mpaka siku ya kuhama. Bibi atoke huku aingie kule, halafu ndipo ile ya zamani ifunguliwe. Hivyo ndivyo walivyokubaliana kule Dar es Salaam, wakiwa wamekaa mezani.

Walipotoka nje kuutafuta huo upande wa chini hawakuuona.

Mtu wa nje hakijui kihamba, shamba letu la nyumbani. Akiona kijani kote hudhani ni pori lenye nafasi. Kihamba chetu babu alikigawa kwa wanawe, na baba, kwa kuwa ni kitindamimba, akabaki kwenye kipande cha mama yake. Upande wa chini kulikuwa na mikahawa, na mkahawa haung'olewi. Ni kosa, watu walitozwa faini na bwana shamba. Upande wa juu ni mfereji wa maji wa ukoo. Kati ya migomba amelala babu, na wazazi wake, na watoto wa bibi waliokufa wadogo. Palipobaki palikuwa na nyumba ya baba, jiko la mama, banda la kukaushia kahawa, na msonge.

Mwalimu alizunguka na kamba yake ya kupimia, akaizungusha na kuikunja. Alimuuliza kaka, "Wewe si wa hapa? Hukuliona hili?"

Kaka alijibu kwamba alipokuwa anachora aliona uwanja mkubwa. Nadhani alisema kweli. Alikuwa ameondoka nyumbani mdogo, kwenda kukaa bweni, na mahali ulipochezea utotoni huwa pakubwa.

Baba ndiye aliyesema kinachobaki. Nyumba mpya haina budi kusimama pale pale ilipo ya zamani. Kwa hiyo ya zamani itoke kwanza.

"Na mama alale wapi kwa muda huo?" balozi aliuliza.

"Kwangu," baba alisema.

Bibi alikuwa amekaa kwenye gogo anamenya maharage. Hakuinua macho. "Mwanamke aliyezaa ana moto wake," alisema. "Halali kwenye moto wa mke wa mwanawe. Mama yangu hakulala, wala mimi sikumlaza mama mkwe wangu. Nitakaa banda la kahawa. Ni wiki chache."

Mama yangu alisikia kutoka jikoni. Kwao pia ilikuwa hivyo.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilijaa watu kuliko harusi. Wanafunzi walipima kila kitu: mlango, kitanda, urefu wa dari, hata mahali ng'ombe alipozoea kusimama. Mmoja wao alikuwa msichana wa Tanga, mcheshi, aliyekuwa akitetemeka kwa baridi tangu afike. Alilala nasi usiku wa mwisho wa msonge, kati yangu na bibi, kwa sababu mwalimu alitaka mwanafunzi mmoja walau aandike jinsi kulivyo humo ndani kukilala watu. Asubuhi wenzake walimzunguka.

"Haya dada, tuambie. Ng'ombe anakoroma?"

"Hakoromi. Ana adabu kuliko wewe. Hoteli gani Tanga ina blanketi la moto kama yule ng'ombe? Tatizo lenu nyie mnachora madirisha tu."

Bibi alimpenda. Alimpa mtori wa ndizi, akamwambia ale sana, kwamba msichana mwembamba hivyo akishika nguzo ataruka nayo. Msichana alimwita bibi mchumba wake, na bibi, nilipomweleza maana, alisema mchumba asiyekunywa mbege hamtaki.

Halafu wakaufungua msonge. Walianza juu. Kila mti ulipotolewa ulifungwa kitambaa: chekundu cha upande wa ng'ombe, bluu cha upande wa kitanda, cheupe cha mlango. Kanga ya zamani ya mama ilikwisha yote kwa kazi hiyo. Nyasi zilishuka nyeusi, zikamwaga masizi ya miaka mingi, na wanafunzi wote wakafanana. Ndani mwake walikuta vijiko, jino la mtoto, na shanga ambazo bibi alizitazama sana kisha akazifunga kwenye pindo la nguo yake. Nyasi nazo zilifungwa mafungu zikapakiwa. Mwalimu alisema zina moshi wa kutosha kudumu miaka.

Kabla mti wa mwisho haujatoka, bibi aliokota kaa la moto kwa kigae akalipeleka banda la kahawa. Lori likaondoka na nyumba, likishuka polepole huku watoto wakilikimbiza. Bibi alisimama na mkono mmoja kiunoni mpaka lilipopotea kwenye kona ya kanisa. Mahali pa msonge pakabaki duara la udongo mkavu mweusi. Kuku wakaja kuparua.

Mwanzo ujenzi ulikwenda vizuri. Balozi aliita msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wanaume wakapasua mawe mtoni, wanawake tukabeba. Mwalimu alikuwa amekuja na simenti nyuma ya lori, mifuko aliyoipata kwa taabu kwa kibali cha chuo, na akasema yote iende kwenye sakafu. Bibi alikuwa na kifua. Mwalimu alitaka asilale tena juu ya udongo wenye unyevu. Wanafunzi walipanga mawe, wakashindilia kokoto, wakamwaga zege nene kuliko lililochorwa, wakalilaza kwa ubao. Lilimwagiwa maji kila siku kama mche wa kahawa. Bibi alikuja akalikanyaga kwa miguu mitupu, akacheka, akasema linamfinya.

Kisha kuta, kwa matofali ya udongo wa hapo hapo. Zilifika linta, yaani juu ya madirisha, siku ambayo lori lilirudi kutoka Dar es Salaam na barua ya chuo ya kuwaita wote warudi kwa mitihani. Lori lilikuwa na mafuta ya kushukia tu. Mwalimu alimshika baba mkono kwa mikono yake miwili. Alisema mabati yameshaombwa, yatakuja kwa treni, na kibali chake amekwisha kukiacha kwa baba, chenye mhuri. Yakifika, fundi wa kijiji anaweza kupaua kwa siku chache. Kaka alimwambia bibi, "Nikija Pasaka nitakukuta barazani."

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita ya Uganda. Anayekumbuka anajua. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na bati lilikuwa jambo la kusimuliwa. Baba alishuka Moshi kila siku ya soko. Stesheni walimwambia hakuna mzigo wa jina lake. Ofisini walimwambia asubiri. Siku moja nilikwenda naye, tumebeba ndizi za kuuza, tukaingia duka la vifaa vya ujenzi la Mhindi mmoja mzee ambaye babu alikuwa akinunua kwake misumari. Rafu zilikuwa tupu, isipokuwa bawaba na makopo ya rangi yaliyoota kutu.

Baba alimpa kibali. Mzee yule alivaa miwani akakisoma chote.

"Mzee, karatasi yako safi sana," alisema. "Mhuri upo, sahihi ipo. Mabati sina."

"Lini yatakuja?"

"Mimi mwenyewe nauliza. Tazama." Akanyoosha kidole juu. Kwenye dari ya duka palikuwa na doa kubwa la maji, na chini yake, juu ya kaunta, sufuria. "Mimi nauza bati, na duka langu linavuja. Ukiezeka kwa hii karatasi yako, mimi nitakuja kuezeka na wewe."

Baba alicheka kwa heshima. Mzee naye alicheka, halafu akaacha. Akauliza nyumba ni ya nani. Baba alipomwambia, alirudi nyuma ya duka akatoka na kipande cha turubai la zamani lenye matundu, akakikunja na kumpa, akakataa ndizi tulizotaka kumwachia. Tulipoanza kupanda kurudi nyumbani baba alitazama juu. Akasema, "Mawingu yale."

Masika yalikuja kwa wakati wake.

Baba na fundi waliweka miti juu ya kuta, wakatandika majani ya migomba, na juu yake turubai. Lakini kuta zile zilichorwa kwa ajili ya bati. Paa lake lilikuwa la kulala, halikuwa kali kama msonge, na maji hayakukimbia. Yalikaa, yakatafuta tundu, yakapita. Matofali yaliyokuwa hayajapigwa plasta yakaanza kulainika kwenye pembe. Kila asubuhi baba alifagia maji yaliyotuama juu ya ile sakafu nzuri. Alifagia kwa hasira, kama mtu anayefukuza mbwa.

Bibi akabaki banda la kahawa. Banda lile limejengwa ili upepo upite, kahawa ikauke. Tuliziba mianya kwa magunia na matope. Tuliweka moto, lakini dari haikuwapo na joto lilitoka lote. Ng'ombe hakuweza kuingia. Alifungwa nje chini ya migomba, na maziwa yake yakapungua. Mimi nililala nyuma ya bibi, nimemkumbatia, na nilihisi mifupa ya mgongo wake kwa kifua changu. Alikohoa. Mwanzoni alikohoa asubuhi tu.

Mama alikuja kila siku na uji, na kila siku aliuliza, bila kumtazama usoni, "Mama, hutakuja ndani? Nitahamia mimi jikoni, wewe ukae peke yako."

"Ukihama jikoni, moto utakuwa wa nani? Bado ni wako. Acha, mwanangu. Bati liko njiani."

Sijui kama aliamini. Aliniagiza niwe napanda barabarani kutazama kama lori linakuja. Nilipanda. Nilisimama na jani la mgomba kichwani, nikaona watu wa kanisa, nikaona mbuzi, nikarudi na kusema bado. Baada ya muda nilikuwa nikirudi, haniulizi.

Kaka alikuja Pasaka, peke yake, kwa basi, amelowa. Aliingia uani akaona majani juu ya kuta, akasimama. Halafu akasikia kikohozi kutoka bandani. Alimwamkia bibi akiwa amepiga magoti kwenye tope, na bibi akamshika kichwa akauliza, "Nyumba yangu imefika salama?"

"Imefika, bibi."

"Imesimama?"

"Bado. Ipo stoo."

Mimi alinieleza baadaye, tukikata majani ya ng'ombe. Miti imewekwa kwenye banda nyuma ya karakana yao. Kiwanja kilichotengwa kwa nyumba za asili kimepewa kazi nyingine, na kamba za kufungia hazipatikani, na mchwa wa Dar es Salaam hawajui kuogopa moshi. Mwalimu anahangaika. Anaandika kila mahali. Paa la chumba chao cha kuchorea linavuja, na wao huhamisha meza mvua ikinyesha. Kuhusu mabati ya bibi, mwalimu alikwenda mwenyewe mara kwa mara kuulizia, akaambiwa mzigo umeondoka, akaambiwa haujaondoka.

"Yule mwalimu ni mwongo?" nilimuuliza.

"Si mwongo. Ingekuwa nafuu." Alikata majani kwa nguvu. "Anaamini yote aliyoyasema. Hata mimi naamini."

Siku ya tatu ya sikukuu baba na kaka walitengeneza machela wampeleke bibi hospitali mjini. Bibi alikubali, kisha akasema wangoje mvua ipungue, barabara inateleza, watamwangusha. Ilipopungua, alikuwa hapumui vizuri tena. Alifariki mchana, banda limejaa moshi, mimi nimeshika kigae cha makaa karibu na miguu yake. Alikuwa akisema habari za ng'ombe, kwamba afungwe upande wenye kinga ya upepo.

Nilidhani jambo zito lilikuwa limekwisha. Lakini jioni ile wazee wa ukoo walikaa na baba, na swali likarudi lile lile la kiangazi: mahali.

Kule kwenye migomba makaburi yalikuwa yamejaa. Ubavuni mwa babu kulikuwa na watoto wake, na zaidi ya hapo ni mizizi na mfereji. Mikahawa haing'olewi. Mzee mmoja, mjomba wa baba, alisema zamani mwanamke mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, upande alipokuwa akilala, na tumezoea makaburi ya nje tangu wamisionari tu. Nyumba yake ipo. Haina paa, lakini ni yake.

Padri alipoulizwa alisema ardhi yote ni ya Mungu, atabariki popote.

Baba alimgeukia kaka. "Chumba chake kilikuwa kipi?"

Kaka alijua. Kilikuwa cha nyuma, kulia, karibu na palipopangwa banda la ng'ombe, ili amsikie usiku. Alikichora hivyo kwa kusudi. Aliingia na baba, mimi nikifuata na taa, ingawa giza lilikuwa halijashika sawasawa. Waliondoa majani yaliyoanguka. Chini palikuwa na ile sakafu, imelowa na inang'aa, haina hata ufa mmoja.

Kesho yake asubuhi walianza kwa majembe, majembe yakaruka. Wakaleta sururu. Balozi akaazima nyundo ya kupasulia mawe, ile ile iliyopasua mawe ya msingi. Vijana wa kijiji walipokezana, na kila walipotaka kumpokea kaka alikataa, akavua shati, akaendelea. Zege lilitoka vipande vidogo. Waombolezaji waliokuwa wamekaa uani chini ya majani walisikia kila pigo, na wanawake waliokuwa wakiimba walianza kuufuata mdundo wake bila kujua. Ilipofika saa sita walikuwa hawajafikia udongo.

"Mliweka nini humu?" mmoja wa vijana aliuliza, akipangusa jasho. Hakuwa na nia mbaya.

"Simenti yote tuliyokuwa nayo," kaka alisema, akainua nyundo.